Otto Frank

Otto Heinrich Frank (Frankfurt, Ujerumani, 12 Mei 1889 – Birsfelden, Uswisi, 19 Agosti 1980) alikuwa mfanyabiashara Myahudi aliyenusurika Maangamizi ya Wayahudi. Anajulikana hasa kama baba wa Anne Frank na mtunzaji wa maandishi ya binti huyo.

Maisha

Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani, jambo ambalo halikumsaidia kitu Wanazi walipotawala. Mwaka 1933 alihamia Amsterdam, Uholanzi. Kuanzia Julai 1942 yeye na familia yake walijificha nyuma ya ofisi yake, hadi walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Mke wake Edith alifariki Auschwitz, na mabinti zake Margot na Anne walifia Bergen-Belsen. Otto alikuwa bado hai Auschwitz wanajeshi wa Kisovyeti walipofika tarehe 27 Januari 1945.

Nyaraka na picha

Siku ya kukamatwa, polisi alimwaga sakafuni karatasi za Anne ili atumie mkoba wake kubebea vitu vya thamani. Wafanyakazi wa ofisi, Miep Gies na Bep Voskuijl, waliziokota. Miep aliziweka kwenye mtoto wa meza bila kuzisoma, akamkabidhi Otto mwaka 1945 habari za kifo cha Anne zilipothibitika. Baadaye alieleza kuwa angezisoma angelazimika kuzichoma, kwani zilitaja watu waliowasaidia waliojificha.

Otto alichagua na kunakili sehemu za maandishi hayo, yakatolewa kama kitabu mwaka 1947. Hakuonyesha kila kitu: kurasa 5, ambamo Anne aliandika kuhusu ndoa ya wazazi wake, alimpa rafiki azihifadhi, na habari zake zilijulikana mwaka 1998 tu. Ni vigumu kumlaumu mzazi kwa hilo.

Kwa kuwa wako waliodai kwamba shajara ni ya kughushi, nakala za asili zilikuwa na umuhimu mkubwa. Kwa wasia wake zilikwenda kwa taasisi ya serikali ya Uholanzi ya nyaraka za vita. Huko karatasi, wino, gundi na mwandiko vilichunguzwa kimaabara, na mwaka 1986 matokeo yalitolewa pamoja na matini kamili yaliyokuwepo wakati huo: mwandishi alikuwa Anne mwenyewe.

Picha nyingi za utotoni za mabinti hao zimetokana na mazoea ya Otto, ambaye kabla ya vita alipenda kupiga picha kwa kamera yake ya Leica. Mama yake na dada yake walikuwa wamehamia Basel, Uswisi, kabla ya vita, kwa hiyo barua na picha walizotumiwa ziliokoka. Miaka mingi baada ya kifo chake, maelfu ya nyaraka za familia yalikutwa darini mwa nyumba yao huko. Sehemu ya urithi huo sasa iko katika Makumbusho ya Kiyahudi ya Frankfurt, mji alikozaliwa.