John Newton na Mabaki ya Dhambi

Wengi wetu hudhani kwamba mtu akimgeukia Mungu leo, kesho mwenendo wake wote umenyooka. Maisha ya John Newton yatufundisha vingine.

Alizaliwa London mwaka 1725, akawa baharia. Mwaka 1748 dhoruba kali iliipiga merikebu aliyokuwamo, naye akamlilia Mungu. Tangu hapo aliacha matusi, akasali na kusoma Biblia. Lakini biashara ya watumwa hakuiacha. Kati ya 1750 na 1754 alikuwa nahodha, akiwasafirisha Waafrika katika minyororo, huku akisali. Ugonjwa ndio uliomtoa baharini, wala si toba.

Mwaka 1764 akawa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Ila mwaka 1788 tu, miaka 40 baada ya dhoruba ile, ndipo alipochapisha kijitabu na kuungama hadharani ubaya wa kazi yake ya zamani. Alifariki Desemba 1807, mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipoipiga marufuku biashara hiyo.

Nasi tuliobatizwa zamani tujiulize: ni nani anayelia kwa ajili yetu, nasi twasali kwa amani?