Abebe Bikila: kilo 57 na mapafu ya milimani

Tukizungumzia wakimbiaji wa milimani katika vipindi vyetu, jina la Abebe Bikila wa Ethiopia halikosekani. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nyanda za juu za Shewa, akakua akichunga mifugo. Ujanani alikwenda Addis Ababa na kuingia kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Songea mjini.

Huko juu kila pumzi huingiza oksijeni pungufu, kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Msikilizaji wa Lusewa aliyewahi kupanda milima ya Umatengo kwa mguu anajua kifua kinavyobana. Mtoto anayekulia milimani mara nyingi hupata kifua kipana na mapafu yanayochukua hewa nyingi zaidi.

Lakini mapafu ni nusu ya habari. Abebe alikuwa na urefu wa sentimita 177 na uzito wa kilo 57 hivi. Hapa kwetu kijana wa hivyo angeulizwa kama anaumwa, na sisi tunaona swali hilo huwaonea vijana wengi wazima. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu, oksijeni anayoweza kuitumia hupimwa kwa kila kilo ya mwili. Fikiria pampu moja ya maji: ikimwagilia ekari moja inatosha, ukiipa ekari mbili inahema.

Kocha wake, Onni Niskanen kutoka Uswidi, alimkimbiza kwenye vilima vya Addis Ababa. Mwaka 1960 Abebe aliingia timu ya Olimpiki. Mjini Roma viatu havikumkaa vizuri, akakimbia pekupeku. Karibu na mwisho aliwaacha wote pale ulipokuwa mnara wa Axum, ambao jeshi la Italia liliupora Ethiopia. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki.

Mwaka 1964 alipasuliwa kidole tumbo wiki tano kabla ya mbio za Tokyo. Akashinda tena, kwa saa 2:12:11, kisha akafanya mazoezi ya viungo uwanjani wenzake wakiwa bado njiani.

Mwaka 1968 michezo ilikwenda Mexico City, mita 2,240 juu. Hapo ndipo milima ingembeba, lakini mguu ulikuwa umeumia na alijitoa karibu na kilomita ya 17. Mwenzake Mamo Wolde akachukua dhahabu. Ndiyo marathoni ileile ambayo John Stephen Akhwari wetu aliimaliza wa mwisho, goti limefungwa bandeji.

Machi 1969 gari la Abebe lilipinduka na miguu ikapooza. Alitibiwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, na mwaka uliofuata akashindana kulenga shabaha kwa upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Damu ilivuja kwenye ubongo, akafariki tarehe 25 Oktoba 1973 akiwa na miaka 41. Alizikwa Addis Ababa, na Mfalme mwenyewe alihudhuria.