Babe Ruth: Mrushaji hodari aliyegeuzwa mpigaji

Na Mwandishi Wetu

MTOTO wa Keko aliyekulia kwenye rede akionyesha mkono mzito, mwalimu wa besiboli atashawishika kumfanya mrushaji tangu siku ya kwanza na kumnyang'anya rungu la kupigia. Uamuzi huo si mdogo. Tangu mwaka 2018 jiji la Dar es Salaam lina uwanja wa mchezo huo katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japan, na maisha ya Mmarekani George Herman Ruth, maarufu kama Babe Ruth, yanafaa kutazamwa.

Alizaliwa Februari 6, 1895, mjini Baltimore. Akiwa na miaka saba, mtukutu asiyeshikika, wazazi wake walimpeleka shule ya wavulana ya St. Mary's iliyoendeshwa na mabruda wa Kikatoliki. Humo alijifunza kushona mashati na, chini ya Bruda Matthias, kucheza besiboli. Alicheza hata nafasi ya mdakaji, ambayo kwa kawaida hapewi mtu wa mkono wa kushoto.

Mwaka 1914 alisajiliwa na Baltimore Orioles, na Julai ya mwaka huo huo akauzwa Boston Red Sox. Boston walimtaka arushe, na kwa hakika alirusha: alishinda michezo 23 mwaka 1916 na 24 mwaka 1917.

Tatizo lilikuwa hesabu. Mrushaji hupumzika siku kadhaa baada ya kila mchezo. Mpigaji huingia uwanjani kila siku. Mwaka 1918 vita vilipowachukua wachezaji wengi, Harry Hooper alimshinikiza kocha Ed Barrow amtumie Ruth kila siku. Barrow alisita, maana kumwondoa mrushaji bora kungemfanya achekwe. Alikubali nusu nusu. Ruth alishinda michezo 13 na kuvusha mpira nje ya uwanja mara 11, lakini kazi mbili zilimchosha, akagombana na kocha na hata kuondoka kambini kwa siku chache. Hapo, kwa maoni ya mwandishi huyu, kosa halikuwa la kijana.

Mwaka 1919 alivusha mara 29, rekodi mpya. Mwisho wa mwaka Boston walimuuza kwa New York Yankees kwa dola 100,000, nao wakamwondoa kwenye urushaji. Mwaka 1920 alivusha mara 54, mwaka 1927 mara 60, na alipostaafu mwaka 1935 alikuwa na jumla ya 714.

Mkono haukusahau. Katika mchezo wa mwisho wa msimu wa 1933, akiwa na miaka 38, alirusha mchezo mzima dhidi ya Boston ile ile na kushinda 6-5, pigo moja la kuvusha likiwa lake mwenyewe. Alifariki kwa saratani Agosti 16, 1948.