Eric Liddell: sporti, imani na siku ya Yenga

Wakristo wengi wanamujua Eric Liddell kama ule mukimbiaji aliyekataa kukimbia siku ya Yenga. Ni kweli. Ku Olimpiki ya Paris, 1924, mbio za kwanza za mita 100 zilipangwa siku ile, yeye akaziacha. Akakimbia mita 400, haikuwa hata mbio yake, akachukua zahabu kwa sekunde 47.6.

Yaliyofuata hayasemwi sana. Alizaliwa China, mwana wa wamisionere wa Scotland, na 1925 akarudia kule kufundisha ku masomo ya Tianjin. 1943 Wajapani wakamufunga pamoja na wageni wengine ku kambi ya Weixian. Chakula kidogo, vijana wanakaa bure. Liddell akawapangia michezo, isipokuwa siku ya Yenga. Siku moja ya Yenga wakacheza hoki wenyewe, ikaishia mu ngumi. Yenga iliyofuata alifika kiwanjani kuwasimamia. Medali aliweza kuiacha. Vijana waumizane juu ya sheria yake, hapana.

Alikufa humo kambini tarehe 21 Februari 1945, na miaka 43, juu ya uvimbe mu bongo. Kambi ilifunguliwa mwezi wa nane.