René Favaloro, munganga wa kijiji aliyeipatia damu njia ingine

Watu wa Kisenge hatuhitaji kufundishwa maana ya njia kufungwa. Mwaka 1975, vita ya Angola ilipokata reli ya kwenda Lobito, shaba ya Kolwezi ilizungushwa upande wa kusini, lakini manganezi yetu ilibaki palepale. Moyo nao ni vile. Mishipa midogo inayoupelekea damu ikizibwa na mafuta, ile sehemu ya moyo inakufa kama haikupata njia ya kuzunguka. Munganga aliyefanya ile njia ya kuzunguka ijulikane dunia nzima aliitwa René Favaloro.

Alizaliwa tarehe 12 julai 1923 kule La Plata, Ajentina, katika familia yenye asili ya Sicilia. Baba alikuwa fundi wa mbao, mama mushonaji. Alimaliza masomo ya unganga mwaka 1949, akataka kazi kwenye hopitali ya muji. Siku zile ilifaa kwanza kusaini karatasi ya kuunga mukono siasa ya chama cha Perón. Akakataa, kazi ikapotea. Wazee wetu wa wakati wa MPR wanaelewa vizuri karatasi ya namna ile.

Mwezi wa mei 1950 akaenda Jacinto Aráuz, kijiji cha jimbo la La Pampa, kumushikia nafasi munganga mumoja aliyekuwa mugonjwa. Ilikuwa ya muda mufupi tu. Akakaa miaka 12.

Hapa njo mahali ninapenda zaidi katika maisha yake. Ndugu yake Juan José, naye munganga, akamukuta kule. Vifaa vilikuwa karibu hakuna. Wakatengeneza chumba cha kupasulia, laboratware, na mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Juu ya damu, waliandika nani ana damu ya aina gani. Siku ya kupasua mutu, wanamuita jirani yake mwenye damu inayofaa, anakuja kutoa. Walifundisha wazalishaji na mama za watoto, na vifo vya watoto wachanga vikapunguka sana. Ile listi ya damu haiombi mamilioni ya dola. Mimi naona hata sisi tungeweza.

Mwaka 1962, karibu na umri wa miaka 39, akaacha kijiji na kwenda Cleveland, Marekani, kujifunza upasuaji wa moyo. Kule munganga Mason Sones alikuwa amegundua namna ya kupiga filme ya mishipa ya moyo. Kazi ikiisha, Favaloro alikaa masaa na masaa akiangalia zile filme, mushipa kwa mushipa. Tarehe 9 mei 1967 akamupasua mama mumoja wa miaka 51, akatoa kipande cha mushipa wa muguu wake na kukitumia kupitisha damu mahali palipozibwa.

Hakuwa wa kwanza kujaribu. Robert Goetz alijaribu New York mwaka 1960, Vasilii Kolesov alifanya ya kwake Leningrad mwaka 1964. Lakini Favaloro aliifanya iwe kazi ya kila siku, akaiandika ili wengine waifuate. Na hakupenda kusifiwa peke yake.

Lakini ulizo kubwa lilibaki: mugonjwa akipasuliwa, anaishi zaidi? Mwaka 1977, utafiti kwa maaskari wa zamani wa Marekani ulionyesha kwamba wengi hawakuishi zaidi kuliko wale wa dawa, isipokuwa wenye kuzibwa mushipa mukubwa wa kushoto. Wapasuaji wengi walikasirika. Mwaka 1994 Salim Yusuf na wenzake wakakusanya tafiti 7, wagonjwa 2 649. Nyuma ya miaka 5, kwa wagonjwa 100 waliopasuliwa walikufa karibu 10. Kwa 100 walioanza na dawa tu, karibu 16. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao mishipa mitatu imeharibika, ao ule mukubwa wa kushoto. Halafu mushipa wa muguu nao unazibika na miaka. Wanganga wa Cleveland walionyesha mwaka 1986 kwamba mushipa wa ndani ya kifua unadumu kuliko ule.

Favaloro mwenyewe alikuwa amesharudi kwao tangu 1971, pahali pa kubaki kwenye feza ya Marekani. Mwaka 1975 akaanzisha shirika lake, na 1992 hopitali ya moyo ikafunguliwa Buenos Aires. Walipokea hata wasio na kitu. Lakini wenye kupaswa kulipa, pamoja na bima ya serikali ya watu wa pensheni, hawakulipa, na madeni yakapanda mpaka mamilioni ya dola. Akaandikia rais wa inchi kuomba musaada. Haukufika.

Tarehe 29 julai 2000, akiwa na miaka 77, alijiondolea maisha nyumbani kwake. Katika barua aliyoacha, aliomba majivu ya mwili wake yamwagwe karibu na Jacinto Aráuz.