Édouard Lucas: mwalimu aliyepima namba ya tarakimu 39 kwa kalamu

Zamani sana kabla ya kompyuta, mwalimu mmoja wa Ufaransa alithibitisha kama namba fulani yenye tarakimu 39 ni namba tasa, maana yake haigawanyike na ingine yoyote isipokuwa 1 na yenyewe, sawa vile 7 ao 13. Jina lake Édouard Lucas.

Lucas alizaliwa Amiens tarehe 4 mwezi wa ine 1842. Alitumika kwanza kwenye kituo cha kuchunguza nyota pale Paris. Vita ya Ufaransa na Prusia ilipolipuka, 1870, aliingia jeshini, upande wa mizinga. Kisha vita akawa mwalimu wa hesabu kwenye shule za sekondari.

Toka 1644, watu walikuwa na liste ya padri Marin Mersenne. Padri alisema ukizidisha 2 kwa 2 mara kwa mara, mpaka zifike mbili 67 ao 127, kisha utoe 1, unapata namba tasa. Lakini nani angepima? Kujaribu kugawanya moja kwa moja, maisha ya mtu haitoshe.

Lucas akatafuta njia ya mkato. Anaanza na 3, anaizidisha kwa yenyewe, anatoa 2, kisha anagawanya kwa ile namba kubwa na kuchunga tu kinachobaki. Anarudilia vile mara nyingi. Mwishoni ikibaki sufuri, namba ni tasa. Jaribu na 7: 3 mara 3 ni 9, toa 2, inabaki 7, na 7 kwa 7 haibakishe kitu. Kwa ile ya 127, lazima urudilie zaidi ya mara mia, na namba ndefu kabisa.

Mwaka wa 1876 akatoa jibu: ya 127 ni tasa kweli. Lakini ya 67, padri alikosea; inagawanyika, hata kama Lucas hakujua na nini. Ilibidi kungojea 1903 ndipo Mmarekani Frank Cole aonyeshe: 193 707 721 mara 761 838 257 287.

Ni Lucas pia alitoa, mwaka wa 1883, muchezo wa Mnara wa Hanoi: kuhamisha visahani kati ya vijiti tatu bila kuweka kikubwa juu ya kidogo. Visahani 8 vinaomba mara 255. Vikiwa 64, hata ukihamisha kimoja kila sekunde, itapita miaka zaidi ya miliari 580.

Yeye hakupata hata miaka 50. Kwenye karamu moja, sahani ilivunjika, kipande kikamkata shavu. Kidonda kikaingia mikrobe, na tarehe 3 mwezi wa kumi 1891 akafariki Paris. Namba yake ilibaki tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana mpaka 1951. Na njia yake, kisha kurekebishwa na Derrick Lehmer, kompyuta zingali zinaitumia.