Ludwig Boltzmann, mtetezi wa chembe zisizoonekana

BUJUMBURA — Chai iliyosahauliwa mezani huko Buyenzi hupoa, na hakuna aliyewahi kuiona ikijipasha moto tena kwa kuvuta joto kutoka hewani. Kwa nini joto hupotea bila kurudi? Swali hilo, ambalo wengi hawaoni haja ya kuliuliza, lilitawala maisha ya mwanafizikia Ludwig Boltzmann.

Alizaliwa Vienna, Austria, Februari 20, 1844. Baba yake, afisa wa kodi, alifariki Ludwig akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka 1869, akiwa na miaka 25 tu, alikuwa tayari profesa mjini Graz. Huko alikutana na Henriette von Aigentler, aliyenyimwa ruhusa ya kuhudhuria mihadhara kwa kuwa ni mwanamke. Boltzmann alimshauri akate rufaa. Walioana mwaka 1876.

Boltzmann aliamini kwamba joto ni mwendo wa chembe ndogo mno zinazogongana bila kukoma. Rafiki yake Josef Loschmidt alimtega: chembe zote zikigeuziwa mwendo, je, joto si litarudi lilikotoka? Pingamizi hilo huenda ndilo lililomfaa kuliko sifa zote alizopata. Mwaka 1877 alijibu kwa hesabu. Njia za nishati kutawanyika chumba kizima ni nyingi kupita kiasi, na njia za kubaki kikombeni ni chache. Kurudi kwake si muhali, ila uwezekano ni mdogo mno hata hakuna atakayekushuhudia.

Lakini chembe zenyewe hakuna aliyekuwa ameziona. Ernst Mach alikataa kuwa atomu zipo. Wilhelm Ostwald alishikilia kuwa nishati pekee inatosha kueleza kila kitu, na mwaka 1895 mjini Lübeck yeye na Boltzmann walibishana hadharani. Boltzmann, aliyesumbuliwa mara kwa mara na huzuni nzito, alijitoa uhai Septemba 5, 1906, akiwa mapumzikoni na familia yake huko Duino, karibu na Trieste. Miaka miwili baadaye vipimo vya Jean Perrin vilithibitisha kuwepo kwa atomu, na Ostwald mwenyewe akakubali.

Max Planck alikuwa ameazima hesabu hiyo mwaka 1900, alipofungua mlango wa fizikia ya kwantamu. Leo watafiti hukokotoa jinsi hata chembe moja ya kwantamu inavyopoteza nishati kwa mazingira yake mpaka ilingane nayo kwa joto. Katika kazi hiyo limeingia jina la Mtanzania, Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulio moto ukiganda kabla ya uliopoa. Shuleni alichekwa. Sasa athari ya Mpemba inatafutwa hata ndani ya ulimwengu wa kwantamu, kwa kutumia hesabu zilizoanzia kwa Boltzmann.